Shabu, sifa na sindano ya mtoto mchanga

Wiki tatu zilizopita binti wa ndugu yangu, anayeishi Al Khoud na mumewe, aliniletea ujumbe wa sauti saa tano za usiku. Mtoto wao wa kwanza alikuwa anakaribia miezi miwili. "Ami, samahani nakusumbua. Mama mkwe kaleta video kwenye grupu, kuna mtu Marekani anasema sindano za watoto zina alumini, na alumini inakwenda kwenye ubongo. Keshokutwa tuna miadi. Niende au nisiende?"

Mimi si daktari. Nimefanya kazi katika maabara za hospitali miaka thelathini na kitu, kwanza Unguja kisha hapa Muscat, na kila mwenye mtoto mchanga katika ukoo huniuliza mimi kwa sababu simtozi. Nilimjibu kwa neno moja: nenda. Nikamwambia maelezo nitampa kwa nafasi. Haya ndiyo maelezo, na yamekuwa marefu kwa sababu ile alumini ya kwenye video imenipeleka kwenye khabari nyingine, ambayo sijaiona katika grupu zetu hata mara moja: safari ya kutafuta chanjo ya UKIMWI itakayompa mtoto kinga tangu siku zake za mwanzo duniani. Khabari hizo mbili zinagusana. Tangu mwaka 2025 zote mbili zinasukumwa na mkono mmoja wa siasa.

Tuanze Marekani, maana video zinatoka huko. Waziri wao wa afya, Robert F. Kennedy Jr., ni mtu aliyejulikana kwa miaka mingi kwa kuzitilia shaka chanjo. Julai 2025 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto zaidi ya milioni 1.2 waliozaliwa kati ya 1997 na 2018. Walihesabu kiasi cha alumini ambacho kila mtoto alikipata kwa chanjo kabla ya kutimia miaka miwili, wakatazama magonjwa 50, pamoja na pumu, magonjwa ya mzio, magonjwa ya mwili kujishambulia wenyewe, na usonji. Hawakuona kwamba waliopata alumini zaidi waliugua zaidi. Kennedy akataka makala ile ifutwe. Jarida lililoichapisha, Annals of Internal Medicine, likakataa. Video aliyotumiwa binti yetu haikuitaja Denmark kabisa.

Sasa hiyo alumini inatafuta nini ndani ya sindano?

Waliolelewa na bibi wataikumbuka shabu, lile jiwe jeupe linalong'aa kama barafu, la kutuliza maji ya kisima na la kupaka baada ya kunyoa. (Nazungumzia shabu ya duka la dawa za kienyeji, siyo ile ambayo polisi wa Ghuba wanaikamata.) Shabu ni chumvi ya alumini. Mwaka 1926, London, Alexander Glenny na wenzake walichanganya shabu na chanjo ya dondakoo, wakaona kinga inapanda kuliko chanjo ikitolewa peke yake. Kabla yake kidogo, Ufaransa, daktari wa mifugo Gaston Ramon alikuwa anawachoma farasi sindano ili apate dawa ya dondakoo kutoka kwenye damu yao. Akagundua kwamba farasi waliovimba jipu mahali pa sindano ndio waliotoa dawa nyingi. Basi akaanza kuwavimbisha kwa makusudi. Aliwachanganyia vitu ambavyo ukivisikia utacheka: chembe za mkate, na tapioka, yaani wanga wa muhogo.

Kitu kama hicho, kinachotiwa kwenye chanjo ili kuuamsha mwili, nitakiita kichocheo. Wanaooka mikate watanielewa haraka: unga ni unga, lakini bila hamira utakaa kwenye bakuli mpaka asubuhi haujainuka. Protini safi ya kirusi ikiingia mwilini peke yake, mwili mara nyingi hauishughulikii, hauoni hatari. Kichocheo ndicho kinachopiga kelele kwamba hapa pana mgeni, njooni mumtazame. Kwa miongo mingi wataalamu walikitumia bila kujua vizuri kinafanyaje kazi, na mwaka 1989 bingwa wa elimu ya kinga Charles Janeway alikiri hadharani kwamba hii ilikuwa siri ya aibu ya fani yao.

Tangu wakati wa Glenny hadi miaka ya 1990, chumvi za alumini ndizo zilizotawala peke yake katika chanjo za binadamu. Kiasi chake kwa kawaida hakifiki miligramu 1 kwa dozi. Mwaka 1997 Italia iliruhusu chanjo ya mafua yenye kichocheo kipya kilichoitwa MF59, ambacho ni matone madogo mno ya skwalini ndani ya maji. Skwalini hupatikana kwa wingi kwenye ini la papa. Wasomaji wa Sur na wa Lamu hawahitaji kufundishwa: ni jamaa wa karibu wa sifa, mafuta yale yale ambayo wazee walikuwa wakipaka mbao za majahazi. Baadaye vikaja vichocheo vinavyotokana na gome la mti wa Chile ambalo linatoa povu kama sabuni, na vingine vilivyotengenezwa maabara ili viguse kengele maalumu ndani ya seli za kinga.

Jambo la kushika ni kwamba vichocheo havitofautiani kwa nguvu peke yake. Kila kimoja kinaupeleka mwili upande wake. Chumvi ya alumini inaita kingamwili za aina fulani na haiziamshi sana zile seli zinazoua seli zilizoambukizwa. Kingine kinaita vyote viwili. Kingine kinafanya kingamwili zidumu miaka badala ya miezi. Kwa hiyo protini moja, ukiichanganya na vichocheo viwili tofauti, ni kama umetengeneza chanjo mbili.

Na hapo mtoto mchanga anaingia, kwa sababu mwili wake hauitiki kama wa baba yake.

Miezi tisa mtoto anakaa ndani ya mtu mwingine. Kinga yake ikiwa kali, itamshambulia mama. Basi imefundishwa kutulia. Anapozaliwa, seli zake nyeupe husikia kengele nyingi za hatari kwa unyonge kuliko za mtu mzima. Watafiti wa Boston wakiongozwa na Ofer Levy walichukua damu ya kitovu wakaijaribu kwa kengele mbalimbali, na nyingi ziliitikiwa kwa uvivu. Lakini moja, ile inayopita kwenye kipokezi kinachojulikana kwa namba 8, iliziamsha seli za mtoto sawasawa. Kwa maneno mengine mtoto si kiziwi. Anasikia sauti fulani kuliko nyingine.

Kuna na jambo la pili, ambalo wa maabara tunalijua kwa uchungu. Mama humpa mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma. Miaka ya 1990, Unguja, kipimo cha UKIMWI tulichokuwa nacho kilitazama kingamwili tu. Mtoto wa mama mwenye virusi angeonekana naye anavyo hata kama hana, kwa sababu tulikuwa tunaziona kingamwili za mama. Ilibidi kungoja hadi miezi 18 ndipo zitoweke. Nakumbuka kina mama waliokuwa wakirudi kila baada ya miezi mitatu, wamejifunga kanga kichwani, hawasemi neno, wanasubiri jibu ambalo hatukuwa na uwezo wa kuwapa. Kingamwili hizo hizo za mama zinaweza pia kuizuia chanjo ya mtoto isishike, kwa kuifunika kabla mwili wa mtoto haujaiona.

Kwa hesabu hiyo ungetegemea mtoto mchanga awe wa mwisho kabisa kufaidika na chanjo ya UKIMWI. Na ndivyo wengi walivyodhani, mpaka ikatokea khabari ya Nairobi.

Miaka ya 1990 Profesa Ruth Nduati na wenzake wa Nairobi na Seattle walifanya utafiti kuhusu kunyonyesha, kwa kina mama wenye VVU. Matokeo yalitoka mwaka 2000: kufikia miezi 24, katika kundi la wanaonyonyesha asilimia 36.7 ya watoto walikuwa wameambukizwa, na katika kundi la maziwa ya kopo asilimia 20.5. Wakati ule dawa za kufubaza virusi hazikuwa zinapatikana kwa watu wa kawaida Afrika Mashariki. Ni takwimu za huzuni, na watoto wengi wa utafiti ule hawakuishi. Lakini sampuli za damu zao zilihifadhiwa. Mwaka 2014 maabara ya Julie Overbaugh kule Seattle ilizifungua tena, ikakuta kitu ambacho hakikutarajiwa. Baadhi ya wale watoto wa Nairobi walikuwa wametengeneza, ndani ya mwaka mmoja au miwili wa maambukizi, kingamwili zenye uwezo wa kuzima aina nyingi za VVU kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Watu wazima wachache tu hufika hapo, na huchukua miaka.

Mwaka 2016 watafiti hao walitoa kingamwili moja kutoka kwa mtoto mmoja wa kundi lile na kuichunguza. Kwa watu wazima, kingamwili za namna hii huwa zimebadilika sana, kama nguo iliyotiwa viraka mpaka huoni kitambaa cha asili. Ya mtoto ilikuwa imebadilika kidogo tu, na bado ilifanya kazi. Hapo ndipo wataalamu wakaanza kuuliza swali kwa namna nyingine: labda kinga changa, ambayo bado haijashika njia zake, ni rahisi zaidi kuielekeza.

Lakini kuielekeza kwa kichocheo gani?

Jibu la kwanza lilikuwa limelala kwenye friza Marekani. Katika miaka ya 1990 walikuwa wamejaribu chanjo mbili za protini ya VVU kwa watoto wachanga waliozaliwa na kina mama wenye virusi. Moja ilikuwa na chumvi ya alumini, nyingine MF59, yaani yale matone ya skwalini. Zilionekana salama, hakuna lililoendelea, watu wakasahau. Kisha mwaka 2009 Thailand ikatoa matokeo ya jaribio kubwa la watu zaidi ya 16,000, lililoitwa RV144: chanjo ilipunguza maambukizi kwa asilimia 31.2. Ni kidogo, haikutosha kupitishwa, lakini mpaka leo hakuna jaribio jingine la chanjo ya VVU lililofika hata hapo. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba waliopona walikuwa na kingamwili zaidi dhidi ya sehemu moja ya ganda la kirusi, inayoitwa V1V2.

Basi Genevieve Fouda na Sallie Permar, waliokuwa Chuo Kikuu cha Duke, wakazitoa zile damu za watoto wa miaka ya 1990 wakatafuta V1V2. Waliikuta kwa wingi, hasa kwa watoto wa MF59, na kwa baadhi yao ilidumu hadi umri wa miaka miwili. Walipowalinganisha na watu wazima waliopewa chanjo ile ile yenye MF59, watoto ndio waliokuwa juu. Mtoto wa wiki chache alimpita mtu mzima.

Hapa nataka kuwa mwangalifu, maana ni rahisi kushangilia. Chanjo zile mbili hazikutofautiana kichocheo tu. Protini zake nazo zilitoka kwa aina mbili tofauti za kirusi. Huwezi kuipa sifa MF59 peke yake. Wala kuwa na kingamwili kwenye damu siyo sawa na kukingwa.

Tena watu wazima walikuja kutufundisha kwa gharama kubwa. Afrika Kusini ilichukua mpango wa Thailand, ikabadilisha protini ili ifanane na kirusi cha kwao, na ikaondoa alumini ikaweka MF59, kwa matumaini kwamba kinga itakuwa kali zaidi. Watu 5,407 walijitolea. Mwanzoni mwa 2020 jaribio lilisimamishwa: 129 waliambukizwa katika kundi la chanjo, 123 katika kundi la maji ya chumvi. Hakukuwa na faida yoyote. Desemba 2023 likasimamishwa jaribio la PrEPVacc, lililofanywa Masaka Uganda, Mbeya na Dar es Salaam Tanzania, na Durban. Nalo lilijaribu michanganyiko miwili, mmoja wenye kichocheo kipya. Ndugu zetu wa Dar na Mbeya walijitolea mikono yao, na jibu likawa hapana.

Kwa hiyo kubadilisha hamira peke yake hakutoshi kama unga wenyewe si wa mkate unaoutaka. Wataalamu sasa wanatengeneza protini mpya kwa ustadi mkubwa, za kuziita zile seli chache mno zenye uwezo wa kuzaa kingamwili bora, halafu kuzilea hatua kwa hatua kwa chanjo tofauti. Kwa watu wazima jaribio moja la Marekani lililotangazwa 2022 liliziamsha seli hizo kwa 35 kati ya 36 waliochanjwa. Kichocheo kilikuwa kile chenye gome la mti wa Chile. Hatua ya kwanza tu, lakini ilifanya kazi. Baadaye wazo hilo likajaribiwa Rwanda na Afrika Kusini kwa chanjo ya mRNA, ambayo mfuko wake wa mafuta wenyewe hufanya kazi kama kichocheo.

Kwa watoto, wameanza na kima wachanga. Mwaka 2018 kundi la Kristina De Paris, North Carolina, pamoja na wenzao wa Duke na California, walilinganisha vichocheo mbalimbali kwa kima wachanga kwa kutumia protini ile ile, yaani safari hii walirekebisha ule upungufu niliousema. Kichocheo kinachogusa vipokezi namba 7 na 8, kikiwa ndani ya matone ya skwalini, kilitoa mwitikio mzuri zaidi. Rudini juu kidogo mkumbuke damu ya kitovu ya Boston: ni kengele ile ile ambayo mtoto anaisikia. Mwaka 2024 wakaunganisha kichocheo hicho na protini mpya za ustadi, wakawachanja kima wachanga watano. Watatu walianza kuonyesha alama za kingamwili za njia inayotakiwa. Watatu kati ya watano ni idadi ndogo sana. Hata mimi nisingeipeleka kwenye grupu. Lakini mwelekeo ni huo.

Na Afrika Kusini imefanywa hatua ambayo binafsi naiona ya ujasiri kuliko zote: jaribio dogo la watoto wachanga wa kina mama wenye VVU, waliochanjwa dozi ya kwanza ndani ya siku chache za kuzaliwa, kwa protini iliyobuniwa Duke na kichocheo kingine chenye skwalini. Lengo lilikuwa kuona kama ni salama na kama zile seli za mwanzo zinaamka. Nawafikiria kina mama wale. Mtu ametoka kujifungua, anajua hali yake, dawa anakunywa, mtoto yuko salama mpaka hapo, halafu anakubali.

Watu wa upande wetu wa bahari wana sababu ya kujua kwamba mambo ya watoto hayatabiriki kwa kuangalia wakubwa, wala kwa kuangalia watoto wa umri mwingine. Chukueni chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na kwengineko. Ina kichocheo kikali, jamaa wa lile gome la Chile. Watoto waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17 walipata kinga ya karibu asilimia 56 katika mwaka wa kwanza. Waliochanjwa wakiwa na wiki 6 hadi 12, asilimia 31. Chanjo moja, kichocheo kimoja, miezi michache tu ya tofauti ya umri, na kinga ikapungua karibu nusu. Kingamwili za mama zinatajwa miongoni mwa sababu, na umri wenyewe. Majaribio ya awali ya chanjo za VVU kwa watoto wa Kampala na Nairobi nayo yalikuwa funzo: yalitumia virusi vingine visivyo na madhara kubeba vipande vya VVU, bila protini yenye kichocheo. Yalikuwa salama, na mwitikio ukawa hafifu. Ukitaka kujua kitakachomfaa mtoto wa wiki sita, hakuna njia ya mkato. Itabidi umjaribu mtoto wa wiki sita, kwa uangalifu, kwa idhini ya mama yake, na kwa fedha za kutosha.

Fedha ndizo zilizokatwa. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje siku ile ile ilipoingia. Mradi wa watafiti wa Kiafrika ulioitwa BRILLIANT, ukiongozwa kutoka Afrika Kusini na kufadhiliwa na USAID, ulikuwa ukingoni mwa kuanza jaribio la chanjo ya VVU, ukasimama. Mei mwaka huo huo taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani ikaziarifu Duke na Scripps kwamba ufadhili wa vituo vyao viwili vya kubuni chanjo ya VVU hautaendelea. Duke ndiko ilikotoka protini ya wale watoto wa Afrika Kusini, na ndiko zilikofunguliwa tena damu za miaka ya 1990. Sisemi kila kitu kimekufa. Maabara zina njia nyingine, na Wazungu wa Ulaya wapo. Lakini jaribio la watoto ni jambo la miaka kumi na zaidi; unamchanja mtoto leo na unamtazama mpaka aanze skuli. Ukikata katikati huwezi kuunga.

Najua kuna msomaji anajiuliza haya yote yanamhusu nini aliye Muscat, Dubai au Doha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Oman imetokomeza maambukizi ya VVU na kaswende kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, nchi ya kwanza katika kanda ya Mashariki ya Mediterania. Ni jambo la kujivunia na lilipatikana kwa kazi ya kawaida: kupima wajawazito, kuwapa dawa, kuwafuatilia. Hata bara la Afrika, mama akipata dawa na akazimeza kila siku, mtoto wake ana nafasi kubwa sana ya kuwa salama. Kwa nini basi chanjo?

Kwa sababu mwaka 2023 bado watoto takriban 120,000 waliambukizwa duniani, wengi wao Afrika. Mama aliyepimwa akiwa na mimba akakutwa hana, anaweza kuambukizwa akiwa ananyonyesha, na hakuna atakayempima tena. Mwingine anahama kijiji, anakosa dawa miezi miwili. Mwingine anazificha kwa sababu mumewe hajui. Na misaada ilipokatwa, zahanati nyingi zilifunga milango kabla hata kina mama hawajaambiwa waende wapi. Dawa zinamlinda mtoto maadamu kila kitu kinakwenda sawa kila siku. Chanjo iliyotolewa siku za mwanzo, pamoja na zile za kawaida, ingembakia mwilini hata pale zahanati inapofungwa. Na kama ingeongezewa nguvu utotoni, ingemfikisha kwenye ujana akiwa na kinga tayari. Hilo la pili ndilo linalowafanya wataalamu wawatake watoto wachanga: mtoto ana miaka mingi ya kulelewa kinga yake kabla hatari ya ukubwani haijamfikia, na anakuja kliniki mara nyingi kuliko atakavyokuja tena maishani.

Na sisi tuna jamaa huko. Hakuna nyumba ya Mswahili wa Ghuba isiyokuwa na mtoto wa dada au wa shangazi Ng'ambo, Tanga, Mombasa au Bujumbura. Maradhi haya tumeyafunika kwa aibu muda mrefu, tukazika watu wetu kwa majina ya maradhi mengine. Mtoto wa wiki sita hana la kufunikwa.

Linalonikera zaidi katika ile video ni hili. Aliyeitengeneza anazungumza kama kwamba kutia kichocheo kwenye chanjo ni uchafu uliopenyezwa kwa siri. Siku hizi kinachunguzwa sana, na maabara zinazoweza kutafuta kilicho bora kuliko alumini, kinachomfaa mtoto zaidi na kwa dozi chache, ndizo zinazonyimwa fedha na serikali ile ile ambayo waziri wake anasema ana wasiwasi na alumini. Kama mtu kweli hataki alumini, angelipia utafiti wa vichocheo vingine.

Binti yetu alikwenda. Jioni mtoto alikuwa na homa kidogo na paja limevimba pale paliposindikwa sindano, akanitumia picha kwa hofu. Nikamwambia uvimbe ule ndio ule alioutafuta Ramon kwa farasi wake, ampe maziwa, amtazame homa usiku, na ikipanda sana au mtoto akikataa kunyonya ampigie daktari, asinipigie mimi. Asubuhi uvimbe ulikuwa umepungua. Mama mkwe ameomba nimwandikie haya aliyosema binti kwamba nimeyasema, ili ayaweke kwenye grupu. Miadi ya pili ni mwezi wa nne wa mtoto.